Kifaranga wa Atija

Sijui kukaa. Wanangu wananiambia, mama umestaafu, kaa barazani, kunywa chai yako, tazama watu wa Magomeni yetu ya huku kusini wanavyopita. Nakaa. Chai haijapoa nimeshasimama, nimekwenda kuchungulia banda la jirani ambaye hata hakuniita. Kuku akikohoa uani kwa watu, shingo yangu inageuka yenyewe. Kwa hiyo ninyi vijana mnaoanza kazi ya mifugo, mkiona habari hii inaruka huku na huku, jueni mwandishi naye alikuwa anasimama na kukaa.

Nimetibu ng'ombe na mbuzi, nimemtibu hata nguruwe wa padri mmoja, huku mwenye nguruwe na mimi tukikwepana macho kwa sababu ya ushungi wangu. Nimechanja kuku kutoka Madimba mpaka vijiji vinavyopakana na Ruvuma. Lakini mnaponiuliza kazi ilinifundisha nini, anayenijia kichwani ni kifaranga mmoja wa kijiji cha Ziwani, na mdomo wake.

Nianze na mdomo wenyewe, maana wengi wenu hamjauona. Kifaranga anaanguliwa mzima. Anakimbia, anapiga kelele, mama yake anamwita anaitika. Siku zinakwenda, kisha unaona mdomo wa juu unaelekea kushoto na wa chini unaelekea kulia. Mwisho midomo inapishana kama mkasi uliolegea. Akidonoa punje, punje inabaki pale pale chini, yeye anameza hewa. Anadonoa kutwa nzima. Ukimtazama kwa mbali utasema huyu ndiye mlafi wa banda. Sasa mshike, upitishe kidole kwenye mfupa wa kifua. Ukiukuta umechongoka kama makali ya kisu, basi anakufa njaa katikati ya chakula.

Ndiyo maana ninawasumbua kila mnapokuja kwangu: mshikeni kuku. Msisimame mlangoni mwa banda na simu mkononi mkipiga picha.

Aliyenifundisha kushika alikuwa bosi wangu wa kwanza, Mzee Chilumba, Mmakonde wa Newala, mrefu, mkali, mwenye mikono laini ajabu. Alikuwa ananikabidhi kuku ananiambia, "Fumba macho. Niambie ana nini." Siku ya kwanza nilifumba, nikapapasa kifua, nikapapasa gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo, na kabla sijasema neno kuku akaninyea mpaka kwenye kiwiko. Nikasema, "Mzee, anaharisha." Alicheka mpaka akakaa chini kwenye pumba. Tangu siku hiyo tulielewana.

Kuhusu mdomo uliopishana Mzee Chilumba alikuwa na neno moja tu: "Chinja." Alikuwa na sababu zake, na si mbaya. Kuku wa namna hiyo anateseka. Halafu ukimlea akakua, akataga, unaweza kukuta ule mdomo umeusambaza kijiji kizima. Neno hilo nililichukua, nikalihubiri miaka yote, kijiji kwa kijiji. Hata leo mfugaji wa kuku wengi akiniuliza, namjibu hivyohivyo.

Sasa nendeni nami Ziwani.

Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu. Ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vurugu, watu wanavuka na kile walichoweza kubeba. Kule kwetu hakuna aliyeshangaa sana kuwaona, maana nusu ya familia za ukanda ule zina ndugu pande zote mbili. Atija alivuka akaja kwa dada yake, Fatu, aliyeolewa zamani na mkulima wa korosho na muhogo aitwaye Saidi. Atija alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye kuongea Kiswahili cha Kimakua, polepole, kama anayechagua dagaa. Mumewe hakufika. Hilo nililisikia kwa Fatu jikoni, kwa sauti ya chini, nami sikuuliza zaidi.

Alichovuka nacho ni mtetea mmoja ndani ya kapu. Kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, mweusi mwenye madoa meupe. Alikuwa wa uzao wa kuku wa mama yake, na kabla ya mama, wa bibi yake.

Yule mtetea alitaga, akaanza kuatamia. Mdondo, yaani kideri, ukapita. Tulikuwa tumeshachanja kijiji kile kabla Atija hajafika, kwa hiyo kuku wa Fatu walisalimika, na mgeni peke yake ndiye aliyepinda shingo akafa juu ya mayai. Fatu akayahamishia mayai kwa kuku wake. Yalikuwa yamepoa mno. Likaanguliwa moja.

Mimi sikuwa na habari ya yote hayo. Nilifika kwa mzunguko wangu wa kawaida, msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, koo inawasha, Saidi amejifunga kitambaa usoni. Aliponiona alikivuta chini.

"Mama Mifugo, afadhali umekuja. Humu ndani mwangu kuna nuksi."

"Nuksi gani, Mzee Saidi?"

"Kifaranga. Mdomo umekwenda kombo. Mimi nimezaliwa hapa, nimezeeka hapa, kuku wa namna ile sijamuona. Na amekuja na mdondo. Mwambie huyu shemeji yangu amchinje, mimi nikisema naonekana mbaya."

"Hakuja na mdondo, mdondo ulimuua mama yake."

"Ni hayo hayo."

Atija alikuwa uani, ameketi kwenye kinu kilicholazwa, amefunika kitu kwenye pindo la kanga. Nilimsalimu, akaitikia. Nilipoinama akarudi nyuma.

"Mama, usimguse."

"Nipe nimshike tu. Simfanyi kitu."

Akafungua pindo polepole. Nikampokea. Mweusi, shingo tupu, mwepesi kama ganda la karanga. Mdomo ulikuwa umeanza kupishana, si vibaya sana bado. Nikapitisha kidole kifuani. Kisu. Nikasimama, nikavuta pumzi, tayari kusema lile neno la Mzee Chilumba. Fatu akanivuta mkono mpaka nyuma ya jiko.

"Dada," aliniambia, "nisikilize. Huyu tangu aje hajavuka ule uzio. Hakwenda kisimani, hakwenda msibani, hata jirani hamjui. Leo nimeamka simuoni. Nimemtafuta, nimemkuta kule nyuma ya mikorosho na jembe, anachimba kichuguu. Namuuliza unafanya nini, ananiambia namtafutia mchwa. Nakuomba, lile neno lenu usilitamke."

Neno nilikuwa nalo mdomoni. Nikalimeza. Nikarudi uani nikamwambia Atija, "Tumpe muda," na hapo hapo nikaanza kuwa na wasiwasi, maana nilijua vizuri kwamba vifaranga wa kifua kile wengi wao hawaishi. Je, akimfia mkononi? Nitakuwa nimemsaidia mama huyu au nimemwongezea? Nilipanda pikipiki, nikafika njia panda, nikageuza, nikarudi.

"Hodi tena. Mna kifuu cha nazi?"

Sikilizeni sasa, haya ni ya kazi. Kuku wa mdomo mkasi hawezi kudonoa, lakini anaweza kuchota. Mdomo wa chini kwake ni kijiko. Kwa hiyo chakula kiwe na kina. Sahani ya bapa haimfai, wala kumwaga chini. Kifuu cha nazi kinatosha kabisa: kizikeni nusu kwenye mchanga kisipinduke, kijazeni mpaka karibu na ukingo, naye atazamisha mdomo wote na kunyanyua. Maji vilevile, chombo chenye kina.

Chakula chenyewe ni uji wa pumba na dagaa waliotwangwa mpaka wakawa unga. Hapo ndipo tulipohangaika. Siku ya kwanza ulikuwa mwepesi mno, ukampanda puani, akapiga chafya, Atija akadhani anakufa. Ukafanywa mzito, ukaganda kwenye mdomo kama udongo kwenye jembe. Tulikuja kupata kiasi chake: chota kwa kijiko, inamisha, uji uanguke wenyewe bila kutikiswa na bila kukimbia. Na alishwe peke yake, chini ya tenga, maana wenzake wana midomo mizima na hawana huruma.

Halafu ule mdomo unaendelea kukua, kama kucha. Mwenye mdomo mzima anausugua chini anapodonoa, unajipunguza. Huyu hana pa kusugua. Usipompunguzia, utazidi kupishana mpaka hafungi tena. Mshike, mgeuze alielekee jua. Utaona ndani ya mdomo sehemu nyekundu, hiyo ni damu yake. Kilichobaki mbele, kinachopitisha mwanga, ndicho cha kukata, kidogo kidogo kwa kikata kucha, kisha lainisha kwa kipande cha msasa. Hamnyooshi mdomo. Huo haunyooki tena. Mnampunguzia shida, basi.

Kuna bwana mmoja Madimba, kijana mwenye duka la vipuri vya pikipiki njiani kuelekea kule kwenye mitambo ya gesi. Aliona mahali kwenye simu kwamba mdomo unaweza kufungwa kwa mpira ukanyooka. Akamfunga kuku wake kwa mpira wa ndani wa tairi. Aliponiita kuku alikuwa hajala wala kunywa tangu afungwe. Nikamuuliza, "Ulitegemea anywe kwa wapi?" Akasema video haikuonyesha. Vijana, kuku ni kiumbe, jiwekeni mahali pake kabla hamjamfunga kitu.

Na utitiri. Hili wengi wanalisahau. Kuku anajisafisha manyoya kwa mdomo. Mwenye mdomo mkasi hawezi, kwa hiyo wadudu wanamla akiwa hai. Mtandazie majivu makavu ajigaragaze, na kila unapomshika fukua chini ya mbawa utazame.

Hayo yote Atija aliyashika haraka. Mara moja tu alikata mdomo ndani mno, damu ikatoka, akaukandamiza kwa unga mkavu wa muhogo kama nilivyomwelekeza, ikakatika. Nilipofika alikuwa bado anamfuta mdomo. Nikamwambia, "Hata madaktari wa watu wanakosea." Akanijibu, "Mimi si daktari, mama. Mimi ninaye huyu tu."

Sikulala vizuri kwa jibu lile. Nikawa natafuta sababu za kupita Ziwani. Kama nina mbuzi wa kutazama upande mwingine kabisa, nitazungukia Ziwani. Ofisini walianza kuniuliza pikipiki inakunywa mafuta au inaoga.

Kifaranga akaota manyoya. Kifua kikajaa kidogo, siyo sana. Atija akaanza kutoka nje ya uzio, kwanza kichuguuni, kisha mashineni kuomba pumba, kisha kwa wanawake wanaobangua korosho, kukaa nao. Saidi hakuacha kulalamika. Kila nikifika, "Bado mnalea ile nuksi?" Nilimzoea.

Kisha Atija akashikwa na malaria, ile ya kupanda kichwani. Wakamleta hospitali mjini, Fatu akaja kumuuguza. Nilikwenda kumtazama wodini. Macho yalikuwa yamezama, midomo imekauka. Nikainama nimsikie.

"Amekula?"

Nikamwambia amekula, huku sijui lolote. Nilipotoka getini nilikuwa nakaribia kukimbia. Nyumbani alikuwa amebaki Saidi peke yake, na Saidi tunamjua. Njia nzima niliona manyoya meusi yametapakaa uani. Nilikuwa nimeshapanga na maneno ya kumwambia, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Nikapiga hodi. Kimya. Nikazunguka nyuma ya nyumba.

Saidi alikuwa ameketi kwenye mkeka, miwani ya kusomea puani, kifaranga kafungwa shuka kama mtoto mchanga, kichwa tu kiko nje. Mkononi ana msasa. Anasugua, anapuliza, anasugua.

"Tulia wewe," anamwambia, "tulia, mbona shemeji yangu unamtulizia? Mimi mkono wangu una nini?"

Nikakohoa. Alishtuka nusura ammwage.

"Mama Mifugo. Sikukusikia."

"Nakuona."

"Alikuwa anapiga kelele. Kuku mwenye njaa ana kelele, mtu hapumziki."

"Naam."

"Nimemkorogea uji. Ule wa kuanguka wenyewe." Akavua miwani, akaifuta kwa shuka lile lile. "Hivi huu wa chini nao unakatwa, au wa juu tu?"

Nikakaa mkekani nikamwonyesha. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki.

"Usije ukamwambia mtu."

"Nimwambie nani?"

"Nakujua. Unapita vijiji vyote."

Jioni ile nilirudi wodini nikamsimulia Atija mwanzo mpaka mwisho, na shuka, na miwani. Kwa mara ya kwanza nikamuona akicheka. Alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini. Wiki iliyofuata, bila shaka, nilikuwa nimeshaisimulia kila kijiji.

Atija alipona. Kifaranga akawa mtetea. Hakuwa mkubwa, na mdomo ulibaki vile vile, lakini alikuwa mchangamfu, anakimbia na kifuu chake kama mwenye nyumba. Halafu akataga.

Siku hiyo Atija alinisubiri njiani. Alikuwa na yai mkononi.

"Mama, nataka kutotoa."

Nilijua litakuja. Nikamweleza taratibu. Kwamba mdomo ule unaweza kuwa umo kwenye damu. Kwamba ukitotoa utapata wengine kama yeye, na ukiwaacha wakazaana na wa majirani, Ziwani nzima itakuwa inalisha kuku kwa kijiko. Kwamba mayai ayale, au awape watoto, ni chakula kizuri. Nilisema kama tulivyofundishwa kusema, kwa upole na kwa mfano.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kuku wa mama walikuwa wengi. Wamebaki kwa huyu. Ukiniambia nile mayai, mama, unaniambia kwetu kumekwisha."

Nikamwambia nitafikiri. Nikafikiri mpaka nikachoka. Nafagia nafikiri, nakwenda sokoni nasahau nilichofuata. Mwisho nikampigia simu Mzee Chilumba, mzee sana wakati huo, yuko kwake Newala.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Bado unafumba macho?"

Nikamweleza. Nilitegemea aseme neno lake moja. Badala yake akauliza.

"Mayai yalipoa, ulisema?"

"Mama yake alikufa juu yake. Yalipoa sana."

"Basi hatujui," alisema. "Unaweza kuwa ukoo. Yai nalo likipata joto vibaya linaweza kumpinda kifaranga humo humo ndani, ukoo usihusike. Sisi tulikuwa tunachinja wote, kwa hiyo hatukuwahi kujua nani ni nani." Nikasikia anavuta pumzi. "Tafuta jogoo wa mbali, asiwe na undugu naye. Atotoe mara moja tu, basi. Lakini mpatane mapema: atakayepinda mdomo, haachwi akazaa. Hapo usilegee. Umenisikia?"

Nilimsikia. Nikarudi kwa Atija nikamwambia masharti. Nilimwambia pia jambo ambalo ninyi mnapaswa kulijua: mdomo hauonekani siku ya kuanguliwa. Unaweza kufurahi leo, na baada ya wiki nyingi ukaanza kuona. Kwa hiyo tutakaa na roho mkononi muda mrefu.

"Atakayepinda?" aliuliza.

"Ataliwa. Halelewi tena mwingine kwa kijiko."

Akafikiri. "Nimekubali," akasema.

Jogoo tulimpata Madimba. Mayai tulimpa kuku wa Fatu ayaatamie, maana mtetea mwenyewe mwili wake ulikuwa mdogo kuyafunika. Wakati huohuo mimi nikastaafu. Walinifanyia sherehe ndogo, wakanipa saa ya ukutani, nikarudisha pikipiki ya serikali. Kesho yake nilikuwa kwenye bodaboda, naelekea Ziwani.

Vifaranga walikuwa wameshaanguliwa. Kishingo karibu wote, weusi wenye madoa, wanatembea kama waliotumwa. Nilimshika mmoja mmoja, nikamgeuzia juani. Midomo mizuri, iliyonyooka. Saidi amesimama nyuma yangu anapumua shingoni kwangu.

"Wazima?"

"Kwa leo."

"Wewe nawe! Sema wazima."

"Kwa leo, Mzee Saidi."

Hamjui kusubiri mpaka msubiri kitu kama kile. Nilikuwa nakwenda, nawashika, narudi. Naota midomo. Mwanangu mkubwa alinifungia mlango siku moja akaniambia, "Mama, wale ni kuku wa watu." Nikapitia mlango wa uani. Kila mara niliwakuta wamenyooka, na kila mara nilirudi nyumbani na wasiwasi ule ule, kwa sababu kunyooka kwa leo hakunihakikishii kesho. Kisha mvua kubwa zikaanza, bodaboda wakawa hawataki ile njia, nikakaa muda bila kwenda. Nilipompigia Fatu aliniambia wazima, wanakua. Nikamuuliza midomo. Akasema mtandao unasumbua.

Mvua zilipopungua Atija akanipigia mwenyewe. Hakuwahi kunipigia.

"Mama, njoo Ijumaa, baada ya sala. Utakula kwetu."

Nilifika nikiwa nimevaa vizuri. Walitandika mkeka kivulini upande wa jiko. Nikatazama uani kabla sijakaa, ndivyo nilivyo. Kuku walikuwa wakubwa sasa, mitetea wanang'aa, wanachakura majani ya muhogo. Mama yao mwenye mdomo mkasi yuko kwenye kifuu chake. Nilitaka kuwashika, Atija akasema, "Kwanza chakula."

Ukaja wali wa nazi na mchuzi wa kuku. Saidi hakuuliza nuksi wala nini. Alinawa, akachota wali mtupu, akawa anatazama mikorosho.

Nikapeleka tonge mdomoni, na katikati ya kutafuna nikakumbuka. Kati ya wale vifaranga kulikuwa na jogoo kijana, mwenye doa jeupe juu ya jicho kama amepakwa chokaa. Nikageuka kutazama uani tena.

"Yule jogoo mdogo yuko wapi? Yule wa doa?"

"Uko naye hapo," Atija alisema.

Mkono wangu ulibaki kwenye sinia.

"Mdomo wake ulianza wakati wa mvua," alisema. "Kwanza nilidhani macho yangu. Nikamwita shemeji, naye akaona. Nikamlisha uji mpaka akapata nyama, nisimchinje akiwa na njaa. Wenzake nimewatazama kila siku, wamenyooka. Ni yeye tu. Nilikuahidi, mama. Shemeji alichinja, mimi nilimshika."

"Hakupiga kelele," Saidi alisema, akiwa bado anatazama mikorosho. "Alimzoea."

Miaka yote nimewaambia watu wachinje. Nimesema neno lile barazani, sokoni, kwenye mikutano ya kijiji, nikanawa mikono nikaenda zangu. Ile nyama ilikuwa bado mdomoni. Nilitafuta maji. Fatu akanisogezea kikombe, naye macho yake yalikuwa chini.

Atija ndiye peke yake aliyekuwa anakula. Alikula taratibu, vizuri, kama mtu aliyetoka shamba. Akatia mkono kwenye bakuli akatoa shingo, akaigeuza.

"Kula, mama," aliniambia. "Ni mzuri. Ni wa kwetu." Kisha akasema, "Mume wangu alikuwa hali shingo. Shingo zote zilikuwa zangu."

Fatu akaacha kutafuna. Tangu Atija avuke mto hakuna aliyekuwa amemsikia akimtaja. Saidi naye akageuka kutoka kwenye mikorosho.

Nilitaka kusimama. Miguu yangu ilitaka kwenda kushika kuku, kutazama midomo, kufanya lolote. Nikaizuia. Nikachukua kipande, nikatia mdomoni, nikatafuna mpaka kikapita.

"Alikuwa anapenda nini?" nikamuuliza.

"Paja," alisema Atija. "La kulia. La kushoto ukimpa anakurudishia."

"Kwa nini la kulia?"

Akaweka shingo kwenye ukingo wa sinia, akafuta vidole, akajisogeza ukutani akaegemea vizuri, akaanza kutuambia.